Mwanafunzi wa historia atafiti nini Marungu?

Kila mwaka, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu nchini Kenya hufika mwaka wa mwisho wa masomo na kukuta sharti moja linalowakosesha usingizi: kufanya utafiti na kuandika tasnifu. Kwa mwanafunzi wa sayansi, njia hujulikana mapema. Kuna maabara, kuna vipimo, kuna jaribio linaloweza kurudiwa. Kwa anayesomea historia, fasihi, isimu au dini, swali la kwanza huwa gumu zaidi: atatafiti nini, na atafanyia wapi utafiti huo?

Wengi hulijibu swali hilo kwa kukimbilia mada pana. Mmoja ataandika juu ya athari za ukoloni barani Afrika, mwingine juu ya nafasi ya mwanamke katika riwaya ya Kiswahili. Mada za aina hiyo zimekwisha kuandikiwa vitabu vinavyojaza rafu nzima, na mwanafunzi mwenye miezi michache na nauli ya kuokoteza hana jipya la kuongeza. Matokeo yake huwa ni kurasa zilizodondolewa hapa na pale, na siku hizi zilizoandikwa na programu za akili unde, ambazo msimamizi huzisoma akijua kwamba mwenye jina juu ya jalada hakuzitolea jasho.

Kejeli yake ni kwamba Kenya imejipatia sifa duniani kwa vijana wake wasomi wanaolipwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mikono hiyo hiyo inayojua kupanga hoja kwa ajili ya chuo cha ng'ambo huiacha historia ya nyumbani bila mwandishi.

Ilhali mada huwa karibu kuliko mwanafunzi anavyodhani, hata mahali ambapo wasafiri hawapatazami mara mbili. Marungu, katika eneo bunge la Voi, ni mfano mmoja.

Mahali panapopitwa

Marungu ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Msafiri wa kutoka Mombasa kwenda Nairobi huijua kwa mji wa Maungu ulio kandokando ya barabara kuu, kilomita zipatazo 30 kabla ya kufika Voi. Huona malori yaliyoegeshwa, vibanda vya chakula na kilima nyuma yake, kisha huendelea na safari.

Eneo hili limeandikwa sana, lakini kwa macho ya wapita njia. Reli ya Uganda ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19 ikielekea Tsavo, ambako mwaka 1898 simba waliwala wafanyakazi wa reli na kuzaa kitabu kilichosomwa dunia nzima. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na leo hifadhi za wanyama huchukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti. Ranchi zilizo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, Rukinga ikiwa mojawapo, zilijulikana kimataifa kwa mradi wa hewa ya kaboni wa ushoroba wa Kasigau, ambao mwaka 2011 ulitoa hati za kwanza za aina yake duniani zilizothibitishwa kwa kiwango cha kimataifa. Mwaka 2017 reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria katika njia ile ile.

Simba, reli, ndovu na kaboni vimepata waandishi wake. Watu waliokuwa wakiishi hapo wakati mambo hayo yakitendeka wameandikwa kwa uchache, ingawa si kwamba hawakuandikwa kabisa. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliyeishi Taita katika miaka ya 1950 alichapisha kitabu juu ya dini ya Wataita mwaka 1978, na mwanahistoria Bill Bravman alichapisha chake mwaka 1998 kuhusu namna jamii za Taita zilivyobadilika kuanzia 1800 hadi 1950. Hata hivyo, kazi nyingi ziliegemea milimani, Dawida, na si kwenye nyanda kavu za Maungu ambako Wataita, Waduruma, Wakamba na wengineo wamechanganyika kwa sababu ya reli, barabara, mifugo na mashamba.

Kisa cha mwaka 1915

Kwamba kuna jambo zito la kutafitiwa hapa, ushahidi ni kisa cha majirani. Kutoka Maungu, njia ya vumbi huelekea kusini hadi mlima Kasigau, wenye urefu wa mita 1,641, ambao vijiji vyake vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na vinginevyo vimeuzunguka kama mkufu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani wa Tanganyika waliiteka Taveta, na vikosi vyao vidogo vikawa vinapenya nyikani kulipua reli kati ya Voi na pwani. Mwaka 1915 utawala wa Kiingereza uliwashuku wakazi wa Kasigau kwamba walimsaidia adui kwa habari. Vijiji vyao vilichomwa moto na watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, mbali na mlima wao na makaburi ya wazee wao. Wengi walifia ugenini. Mwezi Desemba mwaka huo huo Wajerumani waliuteka mlima wenyewe, wakakaa kwa muda mfupi. Waliosalia wa Kasigau, pamoja na watoto waliozaliwa uhamishoni, hawakurejea hadi miaka ya 1930.

Wanajeshi waliokufa katika vita hivyo wana makaburi yanayotunzwa Voi, Maktau na Taveta. Waafrika waliobeba mizigo ya vita hawakupewa heshima hiyo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba idadi kubwa yao hawakukumbukwa kwa majina. Waliohamishwa hadi Malindi hawakuwa hata wapagazi. Walikuwa raia wa kawaida, na kumbukumbu yao imo katika vinywa vya wajukuu.

Hapa ndipo muda unapokuwa adui. Mtu aliyezaliwa Malindi mwaka 1930 na kurudi Kasigau akiwa mtoto, leo amepita umri wa miaka 90. Waliohamishwa wakiwa watu wazima wametoweka wote. Kinachobaki ni masimulizi ya watoto na wajukuu wao, nayo hupungua kila mazishi.

Funzo la Dar es Salaam

Huenda mtu akauliza: kazi nzito kama hiyo yafaa iachiwe mwanafunzi wa shahada ya kwanza? Historia ya Afrika Mashariki ina jibu.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwa Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi walikwenda vijijini kusini mwa Tanzania, wakawahoji wazee ambao baadhi yao walivishuhudia vita kwa macho, wakaandika ripoti. Ilikuwa imepita miaka 63 tangu vita vianze. Kungengojewa miaka 20 zaidi, mashahidi wasingepatikana.

Mkusanyo huo ungali unatumiwa na wanahistoria, na hakuna mtaalamu wa Maji Maji awezaye kuupita. Vijana waliofanya kazi hiyo hawakuwa na shahada hata moja.

Lakini mradi huo una funzo la pili. Katika miaka ya 1990 wanahistoria kama Thaddeus Sunseri na Jamie Monson waliupitia upya na kuonyesha mapungufu yake. Tanzania ya 1968 ilikuwa nchi changa iliyotafuta mizizi ya umoja wake, na maswali waliyopewa wanafunzi yalielekea huko: watu waliunganaje dhidi ya Mjerumani? Mambo ambayo hayakuulizwa sana, kama njaa, misitu, nguruwe wa mwituni walioharibu mashamba, shughuli za wanawake na ugomvi wa zamani baina ya jamii, yalibaki pembeni. Mzee hujibu alichoulizwa. Swali likiegemea upande mmoja, jibu nalo huegemea huko.

Kwa mwanafunzi wa Marungu, onyo hilo ni la thamani sawa na mfano wenyewe. Akiingia kijijini akiwa amekwisha kuamua kwamba watu wa Kasigau walikuwa mashujaa waliompinga mkoloni, au kwamba walikuwa wahanga wasiojua lolote, atarudi na kile alichokwenda nacho.

Swali dogo

Hatua ya kwanza, basi, ni kulipunguza swali. "Historia ya Marungu" si mada ya tasnifu bali ni kazi ya maisha. Mwanafunzi mwenye muhula mmoja au miwili anahitaji swali linaloweza kujibiwa na watu kumi hivi, katika kata ndogo moja au mbili, pamoja na faili chache.

Wa historia aweza kuuliza: familia zilizorudi kutoka Malindi zilipataje tena mashamba yao, na ni nani aliyeamua mpaka? Wa isimu aweza kusikiliza ni lugha gani hutumika katika duka, kanisani, msikitini na nyumbani mjini Maungu, mahali ambapo Kidawida, Kisaghala, Kiduruma, Kikamba na Kiswahili hukutana. Wa fasihi aweza kukusanya nyimbo za harusi au hadithi za ndovu kwa bibi watatu tu, akaeleza zinavyotofautiana. Wa dini aweza kuchunguza jinsi familia za Kikristo na Kiislamu zinavyoyatazama leo mapango ambamo Wataita wa zamani walihifadhi mafuvu ya wazee wao.

Hakuna aibu katika udogo huo. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa mradi wa Dar es Salaam, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka maarufu katika Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanafunzi aanze na alipo, ndipo atazame ulimwengu. Utafiti wa kijiji kimoja ni utekelezaji wa hoja hiyo.

Kibali na heshima

Hatua ya pili ni ruhusa, na ina ngazi mbili.

Ngazi ya kwanza ni ya serikali. Tangu sheria ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya mwaka 2013, anayefanya utafiti nchini Kenya hupaswa kupata leseni ya tume ya NACOSTI, ambayo huombwa kwa njia ya mtandao. Chuo huandika barua ya kumtambulisha mwanafunzi, na msimamizi huidhinisha pendekezo la utafiti. Leseni ikitoka, mtafiti huripoti kwa wakuu wa utawala wa kaunti kabla ya kuingia vijijini. Isitoshe, sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 yamlazimu kueleza kwa nini anachukua habari za mtu, atazitunzaje na nani atazisikia.

Ngazi ya pili haimo katika fomu yoyote. Mwanafunzi hupita kwa chifu au naibu wake, kisha kwa mzee wa kijiji, na hapo ndipo hujulikana kama ni mgeni au ni mwana wa fulani. Asipige hodi mara moja na kutoa kinasa sauti. Siku ya kwanza ni ya salamu, ya kujieleza na ya kunywa chai. Wakati wa kupanda, watu wako shambani tangu alfajiri. Na katika maeneo yanayovamiwa na ndovu, aliyekesha akilinda mahindi hana nguvu ya kuhojiwa asubuhi. Kwa sababu ya ndovu hao hao, mahojiano hupangwa yaishe mapema ili mtafiti asitembee njiani jua likizama.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna shahada inayomwondolea mtu wajibu huo.

Kusikiliza na kupima

Mahojiano yenyewe ni kazi ya subira. Swali zuri ni lile linalomwachia msimuliaji nafasi: "Wazee wako walikusimulia nini kuhusu Malindi?" Swali baya ni lile lililobeba jibu lake: "Waingereza waliwatesa sana, sivyo?" Aidha, inafaa mzee ahojiwe kwa lugha anayoiota usiku. Anayesimulia kwa Kidawida huweza kutumia neno moja lenye historia nzima ndani yake, ambalo katika Kiswahili sanifu lingemalizika kwa "kuhamishwa" tu. Maneno kama hayo huandikwa yalivyo, kisha hufafanuliwa.

Tarehe nazo zina njia yake. Mzee asiyetaja mwaka hutaja tukio. Miongoni mwa Wataita, njaa kubwa ya miaka ya 1880 inakumbukwa kwa jina la Mwakisenge. Kutoka alama za namna hiyo mtafiti huhesabu: fulani alizaliwa kabla au baada ya njaa gani, aliolewa kabla au baada ya vita vipi, alikuwa na watoto wangapi waliporudi. Nasaba ya ukoo, ikiandikwa kwa makini, huwa kalenda.

Kisha masimulizi hupimwa. Watu wawili waliohojiwa mbalimbali wakisema jambo moja, uzito wake huongezeka. Wakihitilafiana, hitilafu yenyewe ni habari. Labda koo mbili zilirudi kwa nyakati tofauti, au ugomvi wa shamba umeibadilisha hadithi. Mtafiti mzuri haufichi mgongano huo ili kazi yake ionekane nadhifu.

Faili za Nairobi

Upande wa pili wa ushahidi uko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, jengo lililo katika barabara ya Moi jijini Nairobi, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Humo zimo ripoti za kila mwaka za maafisa wa wilaya ya Taita, barua za mkoa wa Pwani na faili za ardhi. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hivyo za enzi ya ukoloni zinasomeka. Ripoti na ushahidi wa tume ya ardhi ya Carter ya 1932 hadi 1934, iliyosikiliza malalamiko ya jamii mbalimbali za Kenya, nazo ni chanzo chema.

Faili, hata hivyo, si neno la mwisho. Afisa aliyeandika kwamba watu wa Kasigau walisaliti alikuwa na sababu ya kuandika hivyo: alipaswa kuwaeleza wakubwa wake kwa nini amechoma vijiji. Karatasi hupimwa kama mdomo unavyopimwa: nani alisema, lini, kwa nani, na alinufaika na nini.

Sayansi nayo ina mipaka yake. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, kazi iliyomshirikisha mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba ambaye amechimba Tsavo kwa miaka mingi. Wengi walikuwa wa miji ya Waswahili pwani, lakini baadhi walitoka Makwasinyi, Kasigau. Dunia ikajua kuhusu asili ya watu wa mlima huo na ya jirani zao wa pwani. Kile ambacho mifupa haiwezi kusema ni watu hao walijiitaje, waliogopa nini, na waliuzaje pembe na chakula kwa misafara iliyopita. Maswali hayo yanamngoja mwanafunzi wa sanaa, na kifaa chake ni daftari.

Kwa nini yafaa

Thamani ya kazi hii haiishii kwenye alama za mtihani. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi, na ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano ya mwaka 2013 ilihusu dhuluma za aina hiyo kote nchini. Jamii inayofika mbele ya tume ikiwa na maelezo yaliyokusanywa kwa utaratibu, yenye majina ya mahali na nasaba, husikizwa tofauti na ile inayosema tu kwamba "wazee walituambia".

Kwa sababu hiyo hiyo, mwanafunzi lazima awe na tahadhari. Neno lililosemwa jikoni kuhusu mpaka wa shamba laweza kusomwa mahakamani baada ya miaka kumi. Msimuliaji aulizwe kama jina lake litajwe au lifichwe, na akibadili nia, rekodi yake iondolewe bila mabishano.

Mwisho, kazi irudishwe. Desturi mbaya iliyozoeleka ni kwamba tasnifu hufungwa jalada jeusi, huwekwa katika chumba cha idara na huliwa na mende. Wazee waliotoa saa zao hawaioni kamwe. Nakala moja katika maktaba ya shule ya karibu, nyingine kwa familia zilizohojiwa, na sauti zilizorekodiwa zikahifadhiwa katika chuo, havigharimu kiasi kikubwa. Kaunti sasa ina chuo kikuu chake, Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopata hati mwaka 2016, ambacho kingeweza kuwa makao ya mkusanyo kama huo, kama Dar es Salaam ilivyokuwa makao ya sauti za Maji Maji.

Vijana wa Marungu walio vyuoni ni wengi, na kila likizo hushuka Maungu na mabegi yao. Baadhi yao wana nyanya ambao bado wanakumbuka waliyosimuliwa na waliorudi kutoka Malindi. Kumwuliza nyanya hakuhitaji ufadhili. Kunahitaji swali lililofikiriwa, ruhusa yake, na muda wa kumsikiliza hadi amalize.